Sera ya Kunakili Haikulindi Mkaguzi Akifika

Wiki iliyopita dada mmoja anayekopesha wafanyabiashara wadogo huko Kahama aliniandikia: "Kaka, leseni ya Daraja la Pili ninayo, sasa nafungua tawi Shinyanga. Nitumie tu zile sera zako, nitabadilisha jina."

Leseni hiyo ni ya wakopeshaji wasiopokea amana za wateja, na sera anazotaka ni zile taratibu za kukopesha ninazoziandikia kampuni za mikopo. Ombi hilo si geni kwangu, na bado linaniuma.

Kuna kampuni ya mikopo Mwanza niliyoisaidia tangu ilipokuwa inakusanya mtaji wa chini unaotakiwa, shilingi milioni 20, hadi ikapata leseni ya Benki Kuu. Ilipokua, mwenyewe akaniona ghali. Akanunua faili la sera kwa mtu mwingine.

Wakaguzi walipofika, faili hawakuligusa. Walimwita afisa mikopo, wakachomoa jalada la mama muuza dagaa aliyekopa laki 5 kwa mwezi mmoja, wakamwambia apige hesabu mbele yao. Riba, 17,500. Sawa, hiyo ndiyo asilimia 3.5 kwa mwezi, ukomo wa Benki Kuu. Halafu fomu 10,000. Uchakataji 15,000. "Bima" 5,000, na kampuni ya bima haipo. Jumla 47,500, yaani asilimia 9.5. Mkaguzi akauliza swali moja: hizi nyingine zimeandikwa wapi kwenye mkataba? Kijana akabaki anafunua kurasa. Faili lenyewe lilipofunguliwa baadaye, ukurasa wa pili ulikuwa na jina la kampuni nyingine kabisa.

Usiku ule mwenyewe alinipigia mimi, si yule aliyemuuzia faili. Nilikwenda, tukayanyoosha majalada moja baada ya jingine, na leo kampuni ipo. Najivunia kazi ile.

Ndugu zangu mnaokuza biashara za mikopo, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 haikutungwa ili ipambe kabati. Watu wameumizwa mno na kausha damu, ile mikopo ya riba ya kunyonya. Novemba 2024 Benki Kuu ilizipiga marufuku programu 69 za mikopo zilizokuwa zikiendeshwa bila kibali, na bado wapo wenye leseni halali ambao vijana wao wanawatumia ndugu na majirani wa mdaiwa meseji za kumdhalilisha. Huko unagusa pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mfundishe afisa wako. Kisha mfundishe tena, maana ndiye anayekaa na mteja, na kila tawi jipya linakuweka mbali naye zaidi.

Kwa hiyo dada, faili sitakutumia. Chukua mikataba kumi ya mwisho, keti na afisa wako, mjumlishe kila shilingi iliyotoka kwa mteja. Ukikuta ada ambayo haimo kwenye mkataba, mrudishie mteja hela yake kabla hujalipa kodi ya ofisi ya Shinyanga. Ukimaliza nitumie hizo hesabu, tuanzie hapo.