Mtera kutoka Dodoma, kwenda na kurudi siku moja

Ukijiuliza kama siku moja inatosha kwenda bwawa la Mtera kutoka Dodoma na kurudi: ndiyo, inatosha kabisa. Barabara kuu ya Dodoma–Iringa ni lami na inapita pale pale bwawani. Mimi huondoka alfajiri, jioni niko nyumbani. Ukitaka kuona maji yakiwa mengi, nenda Aprili au Mei mvua zikielekea kuisha, maana mto Ruaha Mkuu unaolijaza bwawa ukishapungua kiangazi, maji hurudi nyuma sana na unabaki kutazama tope. Samaki utawapata hapo hapo, perege na kambale. Ila watoto wasiogelee wala kuchezea ukingoni, kuna mamba na viboko. Na kwenye tuta lenyewe la bwawa usitoe kamera kabla ya kuuliza walinzi, ile ni mitambo ya umeme.