Pampu inavuma bila kuzunguka: tuanze na kapasita au na shafti?

SWALI: Fundi, pokea salamu. Mimi ni mwalimu mstaafu na ninaishi Kiamunyi, Nakuru. Nina pampu ndogo ya umeme ya wati 370 ambayo hupandisha maji kutoka tangi la chini ya ardhi hadi tangi la mnara. Tangu mvua ya Aprili ianze tumekuwa tukitumia maji ya mabati, kwa hiyo pampu ilikaa bila kuguswa. Juzi nilipoiwasha ilivuma tu, haikuzunguka, na baada ya muda mfupi nikasikia harufu ya kitu kinachoungua, nikaizima. Hapa mtaani tuko watu kadhaa tunaopenda kujitengenezea vitu, na Jumamosi hukutana kusaidiana. Mmoja anasema kapasita imekufa, na kwamba niweke yenye uwezo maradufu ili mota ipate nguvu. Wa pili amenipa bure kapasita iliyotoka kwenye mota ya kinu cha mahindi. Wa tatu anataka tunyunyizie mafuta ya kulegeza kutu ndani ya pampu na kusubiri hadi kesho yake. Nimsikilize yupi, na je, kazi hii tunaiweza wenyewe?

JIBU: Mwalimu, katika maelezo yako umetaja jambo ambalo wenzako wawili wa kwanza wamelipita bila kuliangalia, nalo ni kwamba pampu ilikaa muda mrefu bila kuwashwa. Kapasita, kile kikopo cha umeme kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka, huweza kufa wakati wowote, lakini pampu ndogo za aina hii zikikaa bila kazi ndipo hushikana. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote wala kupokea chochote cha bure, chunguza kama shafti, yaani mhimili wa mota, inazunguka kwa mkono, kwa kuwa jibu la hapo ndilo litakaloamua kama mazungumzo ya kapasita yana maana.

Chomoa plagi kabisa kwenye soketi. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi, maana huwezi kuwa na hakika kwamba aliyefunga waya hakubadilisha laini, yaani waya wenye umeme, na nyutro. Kisha fungua kifuniko cha feni kilicho nyuma ya mota. Pampu nyingi za ukubwa huo zina mfuo mwembamba uliokatwa kwenye ncha ya shafti, katikati ya feni, mahali pa kuingiza bisibisi bapa. Jaribu kuizungusha taratibu huku na huku. Shafti iliyo nzima huzunguka kwa wepesi, ikiwa na ukinzani mdogo tu unaotokana na sili, ule mpira unaozuia maji yasipenye kando ya shafti. Isiposogea hata kidogo, au ikisogea robo mzunguko na kugota, basi hiyo mota haikunyimwa nguvu, bali imefungwa upande wa maji. Usizungushe kwa kushika mapezi ya feni, kwa sababu ni ya plastiki na huvunjika upesi.

Sababu ya kushikana utaielewa ukifungua kichwa cha mbele, ambacho kwa kawaida hushikiliwa na bolti nne. Ndani utakuta sahani ya shaba ya rangi ya njano yenye mapezi madogo kuzunguka ukingo wake wote, pande zote mbili. Hiyo ndiyo impela. Nafasi iliyopo kati ya uso wake na ukuta wa chuma cha kalibu ni ndogo mno, takriban sehemu ya kumi ya milimita, na ufinyu huo ndio unaoiwezesha pampu ndogo kusukuma maji hadi juu ya mnara. Maji yanapobaki humo kwa wiki nyingi, chuma huota kutu, na kama maji yana chokaa, ukoko mweupe hujijenga juu ya kutu hiyo. Unene wa kucha unatosha kuishika impela kana kwamba imechomelewa, na punje moja ya mchanga iliyopanda kutoka chini ya tangi hufanya kazi hiyo hiyo.

Sasa nimjibu mwenzenu wa tatu, ambaye kwa mtazamo wangu ndiye aliyekaribia ukweli, ingawa dawa yake siikubali. Mafuta ya kulegeza kutu yatafanya kazi, lakini hayo ni maji ya nyumbani, na chochote mtakachonyunyizia ndani ya pampu kitapanda hadi tangi la juu na kushuka kwenye sufuria. Mafuta pia yanaweza kuvimbisha baadhi ya mipira ya sili. Tumia siki ya kawaida ya dukani. Jaza kichwa cha pampu kupitia tundu la kutilia maji, acha kwa saa moja au mbili, jaribu tena kwa bisibisi, kisha suuza kwa maji mengi. Usiiache usiku kucha, kwa maana asidi ikimaliza chokaa huanza kula chuma chenyewe. Ikikataa, fungua kichwa, toa impela kwa upole bila kuibandua kwa patasi upande mmoja, na usugue kutu kwa karatasi ya msasa laini iliyolowa maji. Kazi ni kuondoa ukoko tu. Mkisugua hadi chuma king'ae na kupungua, pampu itazunguka vizuri lakini maji hayatafika mnarani, nanyi mtaanza kutafuta ugonjwa mwingine ambao mmeuleta wenyewe.

Wakati wa kurudisha, angalieni sana gaskiti au mpira wa duara ulio kati ya kichwa na mwili wa pampu. Mafundi wengi wa nyumbani hukata gaskiti mpya kutoka kwenye kipande cha mpira wa tairi la ndani, na katika mashine nyingine jambo hilo halina ubaya. Katika pampu hii gaskiti nene huongeza ile nafasi finyu niliyoitaja na kupoteza msukumo, na gaskiti nyembamba kupita kiasi huibana impela. Tumieni ile ile ya zamani kama haijachanika, au nunueni yenye unene ule ule. Kazeni bolti kwa msalaba, kidogo kidogo, huku mmoja wenu akiendelea kuzungusha shafti kwa bisibisi, ili mjue mara moja ikianza kubana. Mikono miwili haitoshi kwa hatua hii, na hapa ndipo kikundi chenu cha Jumamosi kina faida kuliko fundi anayefanya kazi peke yake.

Kama shafti ilikuwa nyepesi tangu mwanzo, ndipo tunageukia kapasita. Iko ndani ya kisanduku kilicho juu ya mota, nayo mara nyingi ni kopo jeupe la plastiki lenye nyaya mbili. Katika mota ya namna hii, kapasita hubaki kwenye sakiti muda wote mota inapozunguka, na ukichomoa plagi chaji yake kwa kawaida huisha kupitia koili, yaani nyaya zilizosukwa ndani ya mota. Lakini koili ikiwa imekatika, njia hiyo haipo, na kapasita inaweza kukurusha mkono hata kama pampu imekaa mezani tangu asubuhi. Kwa hiyo gusisha ncha zake kwenye nyaya za balbu ya zamani ya uzi, ya wati 60, kwa sekunde chache kabla ya kuishika. Kisha ipime kwa multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, yenye kipimo cha maikrofaradi, yaani uwezo wa kapasita, ikiwa imetolewa kwenye nyaya zake. Kwa mota ya wati 370 utakuta imeandikwa maikrofaradi 8 au 10 hivi, pamoja na volti 450. Ikisoma pungufu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya kilichoandikwa, au ikiwa imevimba au imetoa majimaji, ibadilishe.

Ibadilishe kwa kipimo kile kile. Ushauri wa kuweka maradufu nimeusikia mara nyingi hapa Kisumu, hata kwa watu wenye uzoefu, na kinachoupa nguvu ni kwamba mota hakika huanza kwa kishindo zaidi. Kinachofuata hakionekani siku hiyo. Kapasita ndiyo inayoamua kiasi cha umeme kinachopita kwenye koili ya pili, ile yenye waya mwembamba zaidi, na mtengenezaji aliichagua ili koili hiyo ibebe mzigo wake bila kupata joto la kupindukia. Ukiongeza maikrofaradi maradufu, koili hiyo hupitisha umeme mwingi kuliko ilivyokusudiwa kila dakika pampu inapofanya kazi, na vanishi inayokinga waya huungua polepole hadi siku koili itakaposhikana. Kusuka upya mota ya pampu ndogo mara nyingi hugharimu karibu sawa na kununua pampu nyingine. Mimi ninaishi kwa kusuka mota, kwa hiyo ninaposema uepuke ushauri huo sijipigii debe.

Kapasita ya kinu cha mahindi mrudishie mwenyewe kwa shukrani, na ikiwezekana umweleze sababu, ili asimpe mtu mwingine. Ile ni kapasita ya kuanzishia. Katika mota ya kinu iko swichi inayoikata mara tu mota inapokaribia kasi yake, kwa hiyo hufanya kazi sekunde chache tu. Pampu yako haina swichi hiyo. Kapasita ya kuanzishia ikiachwa kwenye umeme mfululizo huchemka ndani, na kopo lake huweza kupasuka. Angalia pia volti zilizoandikwa: nyingi za namna hiyo ni za volti 250, ilhali umeme wetu wa volti 240 una kilele cha karibu volti 340, na katika mota inayozunguka volti za kwenye kapasita huweza kupanda juu ya zile za laini. Ndiyo sababu ya maandishi ya 450.

Kuna jambo la tatu ambalo hakuna aliyelitaja kati yenu, nalo ni nguvu ya umeme unaofika kwenye pampu. Nguvu ya mota ya kuanza kuzunguka hupungua kwa kipeo cha pili cha volti, maana yake ni kwamba mota ya volti 240 ikipata volti 200 hubakiwa na karibu asilimia 69 tu ya nguvu yake ya kuanzia. Kama unaipeleka umeme kwa waya mrefu wa kuunganishia, wa mita 30 na wenye unene wa milimita 0.75 za mraba, basi wakati wa kuanza, mota inapovuta kama ampea 10, waya huo peke yake hula takriban volti 15. Jaribu mara moja kwa kuichomeka kwenye soketi iliyo karibu, na usiku wakati majirani wanapika na kupiga pasi usitegemee kipimo cha volti ulichochukua saa nne asubuhi.

Ile harufu ya kuungua isikupite. Mota iliyowashwa huku shafti imeshikwa huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya kiwango chake, na huo wote hugeuka kuwa joto. Katika majaribio yoyote, isipoanza kuzunguka ndani ya sekunde mbili au tatu, izimeni. Kabla ya kuirudisha kazini, pimeni kwa multimita kati ya kila waya wa koili na mwili wa chuma wa mota. Kusiwe na usomaji wowote. Hata hivyo multimita hutumia volti chache tu na haiwezi kufichua kinga iliyodhoofika. Kipimo cha kuaminika ni cha mega, kifaa cha kupimia kinga ya waya kinachotumia volti 500, na chochote kilicho chini ya megaomu 1 kinatosha kuikataa mota. Karakana yoyote ya kusuka mota hapo Nakuru itakupimia kwa dakika chache, na ningeomba usiiruke hatua hiyo, kwa sababu tangi, mabomba na mikono yenye maji viko karibu sana na chuma hicho.

Kuhusu kama mnaiweza wenyewe: kufungua kichwa, kusafisha impela, kupima na kubadilisha kapasita, hayo mnayaweza. Kuongeza soketi karibu na tangi, kufunga waya wa ardhini au kuweka swichi ya kukata umeme unapovuja, ile ya miliampea 30, mwachieni fundi mwenye leseni ya mamlaka ya nishati, EPRA, kama Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 inavyotaka. Kama swichi hiyo haipo nyumbani kwako, ningeanza na hiyo kabla ya pampu yenyewe.

Jumamosi mkikutana, usipeleke swali la "pampu haifanyi kazi, nifanye nini?" Peleka picha ya bamba la maelezo, useme shafti inazunguka au haizunguki, utaje volti zilizosomeka kwenye soketi wakati pampu imewashwa, na maikrofaradi ulizopata kwenye kapasita. Anayekushauri badilisha hiki, mwulize ni kipimo gani kati ya hivyo kilichomfikisha hapo. Akikosa, msubirishe hadi mpime. Utaona kwamba mabishano yanapungua sana, na yule aliyekuwa kimya mara nyingi ndiye aliyewahi kufungua pampu kama yako.

Ikishapona, kabla ya kuiwasha jaza kichwa chake maji, maana ikizunguka kavu sili huungua upesi. Na msimu wa mvua ukifika tena, iwashe kwa dakika moja kila wiki mbili maji yakiwa ndani, au kama hutaitumia kabisa, fungua skrubu ya chini ya kichwa na umwage maji yote, kisha ufunge plastiki juu ya mota bila kuziba upande wa chini, ili unyevu upate pa kutokea.