Maswali yenu ya bustani: Lile ua jeupe la uani, ni lili au ni kitunguu?

SWALI: Asalaam aleikum mwalimu. Mie niko Jambiani, Unguja. Uani kwetu kuna jimmea kubwa, majani marefu mapana, linatoa maua meupe na usiku harufu yake inaingia mpaka chumbani. Mama mkwe anasema hilo ni lili. Mume wangu alipokuwa anachimba msingi wa banda akakuta chini lina tunguu kubwa kushinda ngumi mbili, anasema hichi ni kitunguu mwitu. Halafu mtoto wa jirani anayesoma sekondari kaniambia ni Crinum na iko familia moja na kitunguu maji. Sasa nani mkweli hapo? Na kama ni ndugu wa kitunguu si naweza kukipika?
Msomaji, Jambiani

JIBU: Waaleikum salaam dada'ngu. Nianzie mwisho maana ndo kwenye hatari. USIPIKE, usionje, na hilo tunguu alilolichimba baba watoto lisikae karibu na jikoni hata dakika moja. Lina sumu inaitwa likorini, ipo mmea mzima ila kwenye tunguu ndo imejaa zaidi, mtu akila anatapika, anaharisha, na mtoto mdogo ndo anaumia haraka. Watu wanadanganyika kwa sababu ukilikata lina matabaka moja juu ya jingine kama kitunguu kabisa, ila pua yako itakwambia ukweli, kitunguu au thomu ukivunja jani tu harufu yake unaijua, hili ukivunja linatoa ute unaonata na harufu ya kitunguu hamna. Tunguu lolote la porini au bustanini lisilonuka kitunguu, achana nalo.

Sasa kesi yenyewe. Mshindi ni mtoto wa jirani, mpongezeni. Kwa maelezo yako mmea huo ni Crinum asiaticum, jina alilopewa na Linnaeus, yule mtaalamu wa mimea wa Sweden, mwaka 1753, na hilo "asiaticum" ni kwa sababu kwao ni fukwe za Asia ya joto na visiwa vyake mpaka huko Pasifiki, huku kwetu umepandwa kwa ajili ya uzuri wake. Mama mkwe naye hajapotea sana, kwani Crinum limetoka kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya lili. Ila lili wa kweli wanaitwa Lilium, wana familia yao ya Liliaceae, na hawa wa kwako wako Amaryllidaceae, na hata oda, yaani lile kundi kubwa linalokusanya familia, ni tofauti.

Na kitunguu je? Hapa ndo pananifurahisha mimi miaka yote. Zamani maua mengi yenye sehemu sita yalikuwa yanarundikwa tu kwenye familia ya lili, vitunguu vikiwemo, baadae wataalamu wakaanza kuangalia vinasaba wakakuta udugu hauendi hivo. Mwaka 2009 kundi la wanabotania wanaojulikana kama APG wakaiingiza familia ya vitunguu ndani ya Amaryllidaceae. Kwa hiyo leo ni ukoo mmoja wenye nyumba tatu, nyumba ya kitunguu na thomu, nyumba ya agapanthus yule wa maua ya buluu, na nyumba ya Crinum. Ukoo mmoja, lakini nyumba moja inaliwa na nyumba nyingine inatapisha, yaani ndugu wa kitunguu si lazima awe kitunguu.

Usiniamini mimi, chukua wembe ukae barazani ujaribu mwenyewe. Chuma ua moja, lifuate kwenda chini, utakuta mrija mwembamba mrefu kama kidole au zaidi, na mwisho kabisa wa mrija kuna kiuvimbe cha kijani, hicho ndo ovari, kifuko cha mbegu. Kiko CHINI ya petali, vile vipande vyeupe vya ua. Kikate kwa upana utaona vyumba vitatu. Halafu tafuta kitunguu kilichoachwa shambani kikatoa ua, vile vimaua vyake vidogo ovari imekaa katikati, juu, imezungukwa na petali. Lili wa kweli naye iko juu. Alama hiyo moja inakutenganishia nyumba hizi bila simu wala kitabu.

Angalia na kikonyo chake, hakina jani hata moja, kinapanda kutokea pembeni ya tunguu kati ya majani, na kwenye ncha kimefungwa na vijani viwili vyembamba kama karatasi, vikipasuka ndo tumba zinatoka, ishirini au zaidi, zote zimeanzia sehemu moja kama vijiti vya mwavuli. Kila ua lina vipande sita vyeupe vyembamba vinavyojikunja nyuma, na stameni sita, yaani sehemu za kiume zenye chavua, ambazo vijiti vyake huku juu vimeingia rangi ya damu ya mzee. Na ile harufu usiku si bure, inaita nondo wenye ulimi mrefu, maana mrija ule nani mwingine ataufikia.

Kitu kingine, subiri mbegu. Ni kubwa, za kijani, hazina sura maalum, na nje ni laini kama kizibo cha chupa kile cha gome la mti, hazina ganda gumu, ndo maana zinaelea baharini na kufika kisiwa kingine zikiwa hai. Mimi moja niliisahau dirishani, juu ya mbao kavu, bila udongo bila maji, siku moja napangusa vumbi nakuta imetoa mzizi mweupe mnene unatafuta pa kushika. Nilisimama pale na kitambaa changu mkononi muda mrefu. Kwa hiyo ukitaka kuzipanda zipande mbichi, usizianike ukaziweka kwenye bahasha kama mchicha.

Mwisho, kuna mwingine anauzwa kwenye vitalu na watu wanawachanganya sana, Hymenocallis littoralis, huyu kwao ni Amerika ya joto. Maua meupe yale yale, vipande vyembamba vile vile, ila katikati stameni zake zimeunganishwa na utando mwembamba umefanya kikombe. Ukiona kikombe si Crinum. Sumu anayo na yeye.

SWALI: Habari mwalimu, mimi wa Tanga. Nina hayo maua meupe makubwa, wiki iliyopita yalikuwa mazima, leo majani yamekuwa kama karatasi iliyoloa, ndani kuna viwavi vyeusi vina madoa meupe. Niyang'oe?

JIBU: Usiyang'oe! Hao inaelekea ni viwavi wa nondo anayeitwa Brithys crini, kazi yake ni kula mimea ya nyumba hii ya Crinum, na ile sumu niliyoisema hapo juu yeye haimfanyi kitu. Wanaingia katikati ya jani, wanakula nyama wanaacha ngozi, kisha wanashuka shingoni mpaka kwenye tunguu. Amka asubuhi uwaokote kwa mkono mmoja mmoja uwatie kwenye ndoo ya maji ya sabuni, vaa glavu kwa sababu ya ute, kata majani yote yaliyolainika na uyachome usiyaache chini. Halafu bonyeza shingo ya tunguu, kama bado ngumu, liache, litachipua tena. Kama limeoza na linanuka, hilo ndo ung'oe, na uchunguze wenzake wa jirani siku hiyo hiyo.