Video kali bila kamera ya gharama

Mkuu, umeuliza utaanzaje kudairekti video za muziki na huna hela ya kamera kali. Kamera weka pembeni kwanza. Mcheki dairekta Michel Gondry kwenye video ya Around the World, wimbo wa Daft Punk, wale jamaa wawili wa muziki wa elektroniki wa Ufaransa, 1997, kila kundi la madansa limepewa ala yake, maroboti ndo sauti ya kuimba, wale waliofungwa mabandeji kama maiti za Misri wanafuata ngoma, wenye vichwa vidogo wanapanda na kushuka ngazi na besi, yaani muziki unauona kwa macho na ni jukwaa moja tu! Sasa na wewe sikiliza wimbo, andika besi inafanya nini, ngoma inafanya nini, kila moja itafutie mtu. Magari ya kukodi achana nayo, tushayachoka bwana.