Programu ipi ya kuhariri video inafaa kwenye kishikwambi?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa Kemia katika shule ya sekondari wilayani Handeni. Vifaa vyetu vya maabara ni vichache, hivyo nimeanza kurekodi majaribio kwa simu ili wanafunzi wa kidato cha pili wayatazame mara nyingi wapendavyo. Kuhariri ningependa kufanyia kwenye kishikwambi, kwa sababu kioo cha simu ni kidogo na macho yangu si ya ujana tena. Ninacho kimoja cha Android, miongoni mwa vile vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 na baadaye wakapewa walimu; tena shemeji yangu anataka kuniuzia iPad yake ya kizazi cha 9, yenye gigabaiti 64. Kila ninayemuuliza hunitajia programu anayoitumia yeye. Nichague ipi, na je, niinunue hiyo iPad?
Mwalimu, Handeni

JIBU: Mwalimu, kazi uliyoieleza ni ya kukata vipande, kuviunga, kuweka sauti yako juu ya picha na kuandika maneno machache pale povu linapoanza au rangi inapogeuka. Kwa kazi hiyo programu yenye madoido mamia haikuongezei kitu, ila hukijaza kishikwambi. Kinachokuhusu wewe ni kama video iliyokamilika inatoka bila nembo ya kampuni kubandikwa pembeni, na kama unaweza kuendelea na kazi bando linapokwisha.

Kwa vigezo hivyo, kwenye hicho kishikwambi cha Android ningeanza na VN. Ni ya bure, haibandiki nembo juu ya picha, na inakuruhusu kupanga picha, maandishi na sauti katika mistari tofauti, kila mmoja ukiuona peke yake. KineMaster ni nzuri pia na wengi wameizoea, lakini usipoilipia nembo yake hubaki kwenye video. CapCut ya kampuni ya ByteDance hufundishika haraka kuliko zote mbili. Shida yake ni kwamba mengi ya madoido na mitindo yake hupakuliwa kwa intaneti, na ukigusa kimoja cha kulipia bila kujua, unakuja kuzuiwa saa ya kuhifadhi, wakati kazi ya jioni nzima imeshakamilika. Pengine utaletewa na rafiki KineMaster "iliyofunguliwa", yaani iliyochezewa ili isidai malipo, inayozunguka katika makundi ya WhatsApp. Ikatae, kwa sababu hakuna ajuaye kilichotiwa ndani yake, na kifaa hicho umekabidhiwa kwa kazi.

Jambo linalowakwamisha wengi, hata wakiwa na programu nzuri, ni nafasi. Video ya 1080p, yaani ya ubora wa HD kamili, hula takriban megabaiti 130 kwa dakika, na ya 4K, iliyo kali zaidi, huzidi 300. Ukirekodi jaribio kwa dakika 20 katika 1080p umeshatumia zaidi ya gigabaiti 2 na nusu, na programu nayo itataka nafasi yake ya kufanyia kazi na ya kuhifadhi video iliyokamilika. Kwa hiyo rekodi kwa 1080p, uiache 4K hata kama simu yako inaiweza, na hakikisha nafasi iliyo wazi ni angalau mara mbili ya ukubwa wa vipande vyako. Kama kishikwambi kina tundu la memori kadi, vipande vya zamani vihamishie huko. Usifute programu kabla ya kuhifadhi video, maana kazi ambayo haijakamilika hukaa ndani ya programu hiyo na hupotea nayo.

Wanafunzi wako wengi watatazama kwa simu za wazazi, tena kwa bando la wazazi. Nakala ya kuwatumia ihifadhi kwa 720p, ubora ulio chini ya 1080p, na kiwango cha megabiti 2 kwa sekunde (megabiti 8 ni megabaiti 1), ambapo somo la dakika 5 litakuwa na megabaiti 75 hivi; maandishi yaliyoandikwa kwa herufi kubwa yatasomeka vizuri tu.

Sasa iPad ya shemeji. Ndani yake utapata iMovie, ya bure na isiyo na nembo, na kwa masomo ya namna yako inatosha, ingawa hukubana kwenye umbo la picha la mlalo na haikubali zaidi ya picha moja juu ya nyingine. LumaFusion hulipiwa mara moja, kama dola 30, nayo ina mistari 6 ya picha; ni programu ya mtu anayehariri harusi. Final Cut Pro usiifikirie, kwa kuwa inadai chipu yenye nguvu zaidi kuliko A13 iliyomo kwenye iPad hiyo ya mwaka 2021. Kinachonifanya nisite ni zile gigabaiti 64, kwani iPad haina tundu la memori kadi. Mimi ningemwambia shemeji asubiri mwezi mmoja.

Katika mwezi huo fanya jaribio moja. Zima intaneti, chukua kipande cha dakika 2, kikate mara tatu, weka sauti na maandishi, kisha hifadhi. Kishikwambi kikikwama au picha ikiachana na sauti, hapo iPad itakuwa na hoja. Kisipokwama, fedha hiyo nunulia kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye shati, kwa sababu mwanafunzi huvumilia picha hafifu kuliko sauti isiyosikika.

SWALI: Kazi niliyoianza katika iMovie kwenye iPad, naweza kuimalizia kwenye kompyuta?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndiyo, ikiwa kompyuta ni Mac, yaani ya kampuni ya Apple. iMovie haina toleo la Windows, hivyo huko utahamisha video iliyokamilika tu, wala si vipande vilivyopangwa.