Mashine ipo, mbona majibu ya mkojo ni siku tatu?

Dada wa Likoni, umeuliza kwa nini maabara wana mashine ya kupima ni dawa gani inazuia bakteria wako na bado wakakwambia urudi baada ya siku tatu. Si uvivu wa mashine. Mkojo hupakwa kwanza kwenye sahani yenye chakula cha bakteria, ukaachwa kwenye joto la nyuzi 35 hivi usiku kucha mpaka vimelea viote. Kabla ya hapo mashine haina cha kupima.

Vikishaota, fundi huvichota, huvivuruga kwenye maji ya chumvi mpaka ukungu wa maji hayo ufike kipimo chake, kisha huyajaza kwenye kadi ya mashine. Kadi ya mashine iitwayo Vitek 2, kwa mfano, ina vishimo 64, vingi vikiwa na dawa za nguvu tofauti. Mashine humulika kila kishimo kila dakika 15. Ukungu ukizidi, bakteria wanakua, dawa imeshindwa. Hiyo peke yake huweza kuchukua hadi masaa 18.

Kwenye karatasi, S ni dawa inayofaa, R ni sugu. Usilinganishe zile namba za pembeni, yaani kiasi kidogo kabisa cha dawa kilichozuia bakteria! 2 ya dawa moja si bora kuliko 8 ya nyingine, kila dawa ina mpaka wake.

Na kama ulishameza antibiotiki za duka, waambie, maana zinaweza kuzuia bakteria kuota kwenye sahani. Mimi nilificha, majibu yakaja "hakuna kilichoota", na huku nikienda haja naungua.