Zana mpya, seva ya zamani: maswali na majibu

Seva ya hoteli yetu Nungwi ni MySQL 5.7 (programu ya hifadhidata). Kompyuta mpya ina mysqldump (zana ya kuchukua nakala ya MySQL) ya 8.0, na kila nikichukua nakala inagoma ikitaja COLUMN_STATISTICS. Seva imeharibika?

Nzima kabisa. mysqldump ya 8.0 huulizia jedwali la takwimu ambalo 5.7 halina, ndipo linapokuja kosa 1109. Izuie isiulize:

`mysqldump --column-statistics=0 -u root -p hoteli > hoteli.sql`

Linalotutia wasiwasi zaidi ni nakala zako za nyuma. Kosa hili likitokea, faili hubaki kwenye diski likiwa nusu, na mtu akiliona jina lake hudhani ana akiba. Fungua kila moja utazame mwisho wake: pasipo na mstari wa "Dump completed", hiyo si nakala.

Faili la tawi la Chake Chake (MySQL 8.0) halipandi kwenye 5.7 ya Darajani: "Unknown collation: utf8mb4_0900_ai_ci".

Huo ni utaratibu wa kulinganisha herufi ulioanza na 8.0. Ubadilishe ndani ya faili, si kwenye seva:

`sed 's/utf8mb4_0900_ai_ci/utf8mb4_unicode_ci/g' chake.sql > darajani.sql`

Likija kosa 1062 la thamani iliyojirudia, tafuta nafasi tupu mwishoni mwa maneno. Kwa utaratibu mpya "Ali" na "Ali " ni vitu viwili. Kwa wa zamani ni kimoja, basi ufunguo wa kipekee unakataa. Safisha Chake Chake kwanza, kisha uchukue nakala upya.

Skuli yetu Wete ina PostgreSQL 12 (hifadhidata nyingine), mimi nina pg_dump, zana yake ya kuchukua nakala, ya 17. Kuna hatari?

Kusoma hakuna tabu. Kinachokataliwa ni pg_dump ya zamani kwa seva mpya. Ila faili la 17 lina `SET transaction_timeout = 0`, na 12 haiujui mpangilio huo. psql, zana inayopandisha faili hilo, hulalamika ikaendelea, isipokuwa umewasha ON_ERROR_STOP, yaani isimame kwenye kosa la kwanza. Kama nakala itarudi kwenye 12, tumia pg_dump ya 12 basi.

SSMS 20 (zana ya kusimamia SQL Server, hifadhidata ya Microsoft) inakataa SQL Server 2016 ya ofisini, eti cheti hakiaminiki. Ya 18 inaingia.

Toleo la 20, usipobadilisha mpangilio wake, linafanya usimbaji wa mawasiliano kuwa lazima, na seva yako inatumia cheti ilichojitengenezea. Kwenye mtandao wa ndani, weka alama "Trust server certificate". Ukipitia intaneti usithubutu. Weka cheti halali. Na .bak (faili la nakala) ya SQL Server 2019 usihangaike kuirejesha kwenye 2016. Haikubali, hata ukishusha kiwango cha ulinganifu (compatibility level).